Binti wa kijani na Mganga wa Oz: huu wimbo mnaouimba kwa furaha, mmewahi kuusikiliza?

#1 SautiYaTatu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Nina mpwa wangu yuko kidato cha pili. Shule yao ina tamasha la kufunga muhula, na yeye kapangiwa "The Wizard and I", ule wimbo wa Elphaba kwenye Wicked, mchezo wa jukwaani wa nyimbo. Kwa kuwa nafundisha kwaya usharikani, mzigo nikatupiwa mimi: "Mjomba, nisaidie pumzi, pale juu zinaniishia." Nikajua ni kazi ya wiki moja. Sasa ni wiki ya tatu, pumzi zake zimekaa sawa na mimi ndiye nisiyelala.

Kwa wasioijua hadithi (na kama hamjaiona, humu utamu wote nauharibu, msije kunilaumu). Wicked ilifunguliwa Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, Oktoba 2003. Muziki na maneno ya nyimbo ni ya Stephen Schwartz, mchezo kauandika Winnie Holzman, na vyote vimetoka kwenye riwaya ya Gregory Maguire ya 1995. Filamu ikaja 2024. Elphaba kazaliwa na ngozi ya kijani, kwenye nchi ya kubuni iitwayo Oz. Baba yake hamtaki, mdogo wake anamwonea aibu. Jukwaani anapelekwa chuoni ili amtunze huyo mdogo wake anayetumia kiti cha magurudumu, maana yake masomo yake mwenyewe hayakuwa kwenye hesabu ya mtu. Siku ya kwanza tu anapandwa hasira, nguvu za ajabu zinamtoka bila kukusudia. Badala ya kufukuzwa, mkuu wa chuo, Madame Morrible, anamwambia ana kipaji na kwamba atamwandikia barua Wizard mwenyewe, mtawala wa nchi. Morrible anaondoka, binti anabaki peke yake, anaimba.

Kwanza tukubaliane jina. "Wizard" ningesema mchawi, lakini mchawi ndilo jina nchi nzima inakuja kumwita huyu binti, kwa hiyo hadithi ingevurugika. Mimi namwita Mganga. Si Mganga Mkuu wa Serikali, tuelewane. Ni yule wa kibao kilichopigiliwa kwenye nguzo: anafungua njia, anarudisha mali iliyopotea. Ndivyo alivyo. Kakaa kwenye jumba lake Jiji la Zumaridi, wote wanamwogopa na kumtegemea, na uganga wenyewe hana hata chembe.

Sasa turudi kwenye wimbo. Wengi mnakumbuka mwisho, pale anapopandisha sauti mpaka unajikuta umeshika kiti. Mimi nawarudisha katikati. Pale anafanya jambo ambalo lilinipita mara ishirini za kwanza: anamwigiza Mganga. Anamtilia maneno kinywani mtu ambaye hajawahi kumtia machoni. Huyo Mganga wa kichwani mwake anamwambia kwa upole kwamba binti mwema hivi kwa ndani alistahili na nje ya kufanana nayo, na kwa kuwa watu wa huku wameikazania mno rangi yako, je, utaona vibaya nikikuondolea huo ukijani? Naye anajibu: ingawa kwangu hilo si muhimu, haya, sawa.

Jamani. Eti si muhimu! Huyu ndiye aliyefika chuoni na kabla hajaulizwa akawajibu wote kwa mkupuo: siumwi kichefuchefu cha bahari, nimezaliwa hivi hivi, na hapana, sikutafuna majani utotoni. Mtu mwenye majibu yaliyokaririwa namna hiyo amelala na hilo swali miaka mingi.

Na tazama alivyolipanga. Ombi si lake, ni la Mganga. Tatizo si lake, ni la watu wa huku wenye akili fupi. Yeye kazi yake ni kukubali kwa adabu, kama mgeni anayesema nimeshiba huku sahani kaisogeza mwenyewe karibu na sufuria.

Halafu kuna mitego. Anaona maono: siku moja Oz yote itafanya sherehe kwa ajili yangu, watu wakiniona watapiga kelele, nitafurahi hadi niyeyuke. Yote matatu yanatimia. Sherehe watazamaji tumeshaiona, maana mchezo unafunguliwa na nchi nzima ikishangilia kifo chake, ndipo tunarudishwa nyuma kwenye ujana wake. Kelele wanapiga kweli, za hofu. Na habari inayosambaa ni kwamba kayeyuka kwa ndoo ya maji.

Swali langu: nimfundishe kuuimba kama anayejua yanayokuja au kama asiyejua? Pale kwenye ukijani anacheka kidogo, kaiga mtandaoni. Mimi naona asicheke. Karibuni.

#2 chai_ya_rangi

Nimevuta kigoda. Endelea mkuu, maji yako jikoni yanachemka.

#3 Mzee wa Ngonjera

Watu bei ya sukari inatutoa jasho, wewe uko na watu wa kijani. Hizi ni hadithi za Wamarekani. Watoto wafundishwe ngonjera.

#4 SautiYaTatu

Mzee wangu shikamoo. Ngonjera zimeshachukuliwa na darasa jingine. Na kwamba ni hadithi ya Wamarekani sibishi, Oz ni yao tangu kitabu cha L. Frank Baum cha mwaka 1900. Hata jina Elphaba, Maguire alilitoa kwenye herufi za jina la huyo mzee: L, F, B. Ila mimi nimeuliza habari ya kuimba, sijauliza uraia.

#5 mlezi_London

Mimi nimeuona jukwaani hapa London, Apollo Victoria, unachezwa hapo tangu 2006. Nalea wazee, na bibi mmoja ninayemhudumia alikuwa na tiketi, miguu ikamgomea siku ileile, akasema nenda wewe. Nikakaa juu kabisa, naona visogo na utosi wa waigizaji.

Pale pa ukijani ukumbi ulicheka, na mimi nikacheka, sitaki kujifanya. Yameandikwa yachekeshe. Schwartz kaunda kitenzi kisichokuwepo kwenye Kiingereza na akakipigia vina vya kuteleza, huwezi kuzuia mdomo. Kicheko kilinirudi baada ya dakika kama kumi, nikiwa nimeshasahau wimbo. Kwa hiyo mkuu usimkataze mtoto haraka haraka.

Nilichokishika mimi ni kwamba jukwaani hakuna mtu. Jukwaa kubwa vile, wimbo mzima ni wa kutaka kuwa na watu, na aliyepo ni yeye na taa.

Halafu filamu. Cynthia Erivo ni mtoto wa hapahapa London, wazazi Wanigeria. Nilipomwona amepakwa ile rangi, kijani kikanisomeka vingine. Huko Broadway walikaa zaidi ya miaka 20 bila mwanamke mweusi kushika nafasi ya Elphaba moja kwa moja, mpaka Lencia Kebede, mwenye asili ya Ethiopia, mwaka 2025. Hadithi yenyewe ni ya binti anayekataliwa kwa rangi. Sisemi kitu.

#6 BintiNyanza

Umesema husemi kitu, ngoja mimi niseme.

Nilikuwa kidato cha nne, likizo, nimekwenda kwa shangazi Mwanza kuna harusi ya binamu. Siku nne kabla, shangazi akaniita chumbani, akatoa kikopo kisicho na lebo, kifuniko kimefungwa na mfuko wa nailoni. Hakusema mimi mbaya, hata siku moja. Alisema: "Mwanangu sura unayo, ni hiyo rangi tu inaificha. Na hawa wa upande wa pili si unawajua walivyo."

Nikajibu: "Mimi wala sijali shangazi, ila kama wewe unaona vema."

Nimesoma bandiko #1 nikaweka simu chini. Hayo maneno mimi niliyasema nikiwa na miaka kumi na saba, Oz siijui wala Broadway siijui. Na ukweli ni kwamba nilikuwa nimemzungukazunguka shangazi siku mbili nikingoja aniambie. Kila nikimwona kashika kioo najipitisha.

Mkorogo ulifanya kazi. Uso ukang'aa, vifundo vya vidole vikagoma, vikabaki vyeusi kama vilivyo. Kwenye picha zote za harusi mikono nimeificha nyuma ya mkoba.

Kwa hiyo mwambie mpwa wako asicheke, na asihuzunike pia. Mimi siku ile sikuwa na huzuni. Nilikuwa na furaha kuliko siku zote za likizo ile.

#7 chai_ya_rangi

Dada, pole. Nimerudisha kigoda ndani.

#8 wakala_mstaafu

Naona Mganga anatukanwa bure. Kwenye huu wimbo hayupo! Hajaahidi kitu, hajaandika kitu. Aliyepo ni Morrible. Sikilizeni mwanzo: sauti ya kwanza si ya Elphaba, ni ya huyo mama, anamsifia kipaji, anamwambia miaka yote nimengoja mtu kama wewe. Huyo ni dalali. Kaona mali, kajua pa kuipeleka.

Nimekaa kwenye mpira miaka tisa, hii filamu nimeiona viwanja vya mchangani kila Jumamosi. Anakuja mtu na jina la klabu kubwa mdomoni, anamshika kijana bega, anamwambia "nitaongea na watu." Basi. Usiku ule kijana ameshavaa jezi, ameshahojiwa na televisheni, mama yake ameshajengewa nyumba. Hata nauli ya kwenda majaribio bado hajaiona. Na ukimwambia tulia, anakuona mchawi.

Lakini napingana na mleta uzi kwenye jambo moja. Msimnyime binti furaha yake. Kitu alichokificha maisha yote kwa kuona kinamwaibisha, leo mtu mzima kamwambia hicho ndicho kipaji chake. Nani asingeimba? Aimbe kama asiyejua. Kujua ni kazi yetu tuliokaa kwenye viti.

#9 Pwani254

Hamjambo ndugu zangu, nachangia kutoka Mombasa. Hilo la dalali limenikumbusha kitu. Schwartz huyuhuyu ndiye aliyeandika maneno ya "Out There", wimbo wa Quasimodo kwenye filamu ya Disney ya 1996, ile iliyotokana na riwaya ya Victor Hugo. Muziki ni wa Alan Menken. Na wimbo ule nao unaanza na mkubwa! Frollo, aliyemlea, anamweleza kwanza kwamba yeye ni kiumbe wa kutisha, dunia haitamwonea huruma, abaki ndani ya mnara na kengele zake. Akishaondoka, ndipo kijana anafungua mdomo wake mwenyewe.

Ikawa kama mizani. Mmoja kaambiwa wewe huna thamani, mwingine kaambiwa una thamani kubwa, na wote wawili wanaimba kitu kimoja, nipokeeni. Wanaoijua sanaa hii wana jina kabisa la aina hii, wimbo wa "nataka", na hukaa mapema kwenye mchezo ili ujue utakuwa unamsubiria mhusika apate nini.

Tofauti iko kwenye bei. Quasimodo anaomba siku moja tu. Siku moja huko chini katikati ya wasaga nafaka na wafumaji na wake zao, watu wanaokaripiana asubuhi hadi jioni na hawajui bahati waliyo nayo. Anawaonea wivu wanaogombana nyumbani kwao! Elphaba yeye anataka nchi nzima. Mmoja anataka apotee kwenye umati asionekane, mwingine anataka umati umsimamie. Mimi Quasimodo ndiye anayeniuma zaidi, kwa sababu kaomba kidogo hivyo na hata hicho ni kikubwa kwake.

#10 SautiYaTatu

Ndugu yangu wa Mombasa, hilo la kuanza na sauti ya mkubwa sikuliona kabisa. Shukrani. Na dada BintiNyanza, sina la kuongeza, nimelichukua kama lilivyo.

Sasa sikieni la jana. Mpwa wangu kusoma noti za mistari mitano hajui, kwa hiyo nilikaa mezani kumwandikia sol-fa (do, re, mi kwa herufi; d' ni do ya juu) kama tunavyofanya kwaya. Nikafika pale muziki unapogeuka, anaposema maisha yake ya mbele hayana mipaka. Ukihesabu kutoka noti yake ya kwanza, nikaandika:

d d' t s l t d'

Nikaitazama. Nikaiimba taratibu, bila maneno, bila mdundo. Mke wangu akaitikia kutoka jikoni: "Huo si ule wa Dorothy?"

Ni wenyewe. "Over the Rainbow", aliotunga Harold Arlen na Judy Garland akauimba kwenye filamu ya Oz ya 1939. Noti saba za mwanzo, zote, kwa mpangilio uleule. Schwartz kabadilisha mwendo wake na vyombo vinavyopita chini yake, ndiyo maana sikio linadanganyika. Mwenyewe ameshaeleza kwamba alifanya makusudi.

Na Dorothy ni nani? Ndiye binti wa ndoo ya maji. Anayemmwagia maji na anayemwagiwa, wote wawili walianza kwa kuruka oktavu ileile wakitamani kuwa pengine. Na wote wawili wanaelekezwa mlango mmoja, wa Mganga yuleyule. Karatasi ile nimeibandika ukutani.

Kuna na dongo lingine nimeligundua jana hiyohiyo. Ndani ya wimbo anasema ukishakuwa na Mganga, hakuna tena baba asiyejivunia wewe. Waliofika mwisho wa hadithi wanajua baba mzazi wa Elphaba ni nani.

Tatizo jipya: mwalimu wa tamasha anataka kipande kimoja kiimbwe Kiswahili. Nimekwama sehemu mbili. Ya kwanza ni kelele. Kiingereza wana neno moja la kelele za shangwe na za hofu, ndiyo maana mtego unafanya kazi. Sisi tuna vigelegele huku na mayowe kule, huwezi kuchanganya. Nimebaki na "watapiga kelele". Ya pili ni hizo noti saba. Nahitaji silabi saba.

#11 mlezi_London

"Sina mipaka mimi." Si-na-mi-pa-ka-mi-mi. Saba. Nitumie hela ya soda.

#12 SautiYaTatu

Saba ni saba, lakini iimbe. Ule mruko wa kutoka d kwenda d' unaangukia "-na". Utasikika unasema "si-NAAA", kama mtu wa mahindi ya kuchoma. Mkazo wetu uko silabi ya pili kutoka mwisho, na mruko unataka silabi nzito. Geuza: "Mipaka sina mimi." Mi-PA-ka SI-na MI-mi. Mruko unatua kwenye PA. Nimemjaribisha leo, imekaa kama imezaliwa nayo. Inanukia taarabu kidogo, haidhuru.

#13 Pwani254

Sasa subiri. Noti hizohizo si zinarudi kwenye "For Good", wimbo wa karibu na mwisho, Elphaba akimuaga rafiki yake Glinda? Pale Kiingereza anageuza, badala ya kusema hana mipaka anasema ninayo, uwezo wangu umeishia hapa. Kwa tafsiri yako ni herufi moja tu: "Mipaka nina mimi." Sina, nina. Wallahi hii umeokota dhahabu bila kuchimba.

#14 Mzee wa Ngonjera

Kisarufi ni "ninayo".

#15 SautiYaTatu

Mzee, silabi zitakuwa nane. Mizani haikubali, na wewe wa ngonjera unalijua hilo kuliko mimi.

#16 Mzee wa Ngonjera

Hapo umenishika. Tamasha lini?

#17 SautiYaTatu

Wakuu, mrejesho. Ilikuwa juzi, alasiri, ukumbi wa bati, feni mbili na moja mbovu. Mama yake alimpaka ile rangi ya uso ya watoto, kijani cha jani la mgomba, kuanzia paji la uso hadi kwenye kola. Mikono akaiacha, rangi iliisha.

Alianza chini kuliko tulivyofanya mazoezi, nikashtuka, nikadhani kasahau noti. Pale pa ukijani nilikuwa nimemwambia afanye anavyojisikia. Hakucheka. Alimwigiza Mganga kwa sauti ya mwalimu wao wa nidhamu, wanafunzi wote wakaangua kicheko, walimu wakatazamana. Halafu kwenye jibu lake, "haya, sawa", akawa anasugua mkono wake wa kushoto kwa kidole gumba, huo ambao haukupakwa. Hilo mimi sikumfundisha. Nimemuuliza baadaye, kasema alikuwa anafuta jasho.

"Mipaka sina mimi" ilipanda vizuri. Kufika kwenye kuyeyuka, joto likawa limeshafanya yake, kijani kinachuruzika shingoni na kuingia kwenye blauzi nyeupe ya shule. Mama mmoja nyuma yangu akapiga kigelegele, wengine wakaitikia, na kuna mtoto mdogo alilia kwa kuogopa uso ule, ikabidi atolewe nje. Yote kwa wakati mmoja.

Blauzi imelowekwa mara mbili. Haitoki.

#18 chai_ya_rangi

Video mkuu.

#19 SautiYaTatu

Shule imekataza kurekodi watoto. Nina karatasi ya sol-fa tu, anayeitaka aje PM.